"Learn" si kusoma: kitenzi kimoja cha Kiingereza na kazi zake nyingi

Barua za kuomba kazi zinazoandikwa kwa Kiingereza huku kwetu zina sentensi inayojirudia mno: "I learned at", kisha jina la sekondari au chuo. Mwenye barua anataka kusema alisoma hapo. Mwingereza akiisoma atamwelewa, ila kuna kitu kitamkwaruza sikioni, na ukimuuliza ni kitu gani pengine atabaki anatafuta maneno. Tahajia iko sawa, wakati wa kitenzi uko sawa. Tatizo ni kwamba "learn" halimaanishi kukaa darasani. Linamaanisha kuna jambo ambalo jana hukuwa nalo na leo unalo.

Kitenzi cha kukaa darasani, kufungua madaftari na kukesha ni "study". Tofauti ya hivi viwili huonekana vizuri vikiwekwa kwenye sentensi moja: "I studied French for four years and learned nothing." Nilisoma Kifaransa miaka minne, sikuambulia kitu. Hiyo ni sentensi ya kawaida kabisa, tena ya kweli kwa wengi. Sasa vibadilishane nafasi, useme "I learned French for four years and studied nothing", na Mwingereza atakukodolea macho. Wanafunzi wa vyuo vyetu wana maneno matamu ya upande wa "study": kubukua, kupiga msuli. Mtu anaweza kubukua hadi alfajiri na asitoke na chochote. Hapo "study" imetimia, "learn" haijatokea.

Ndiyo maana kitenzi hiki hudai kutajiwa kitu. Ukisema "I learned", msikilizaji anangoja: ulijifunza nini? "Everything I learned at school" haina kasoro, kwa sababu kile kilichoingia kichwani kimetajwa. "I learned at school" peke yake inaning'inia. Katika barua ya kazi andika "I studied at" au "I attended", na mambo yamekwisha.

Umbo la "I am learning" linaweza kuonekana kama linapinga haya, lakini linayatilia nguvu. Mgeni aliyeko Unguja akikwambia "I'm learning Swahili", anakuomba umwongeleshe polepole, maana bado hajakijua. Akisema "I have learned Swahili", mwongeleshe utakavyo. Lakini akisema "I have studied Swahili", hujui bado utakutana na nini, kwani huenda alikisoma chuo kikuu huko kwao na hawezi kununua hata embe.

Chanzo cha mkanganyiko wetu ni kitenzi chetu wenyewe, kusoma, ambacho kimebebeshwa mizigo mingi. Tunasoma gazeti, tunasoma sheria Makerere, tunasoma kwa bidii, na mtoto "anasoma la nne". Kiingereza kimegawa kazi hizo kwa vitenzi vitatu vinne, na mwanafunzi wetu anapofika njia panda hushika kinachofanana na masomo. Waingereza nao wana kona moja inayofanana na yetu: katika vyuo vyao vya zamani husemwa "she read law at Oxford", yaani alisoma sheria, kwa kitenzi kilekile cha kusoma kitabu. Ni matumizi yenye harufu ya majoho, na Mmarekani hayatumii. Buganda, Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, wasomaji, kwa kuwa dini na kusoma viliingia pamoja. Kwa Wakikuyu walikuwa athomi. Katika Kiswahili, msomi akawa mtu mwenye elimu, hata kama hajashika kitabu mwaka mzima. Neno hilo litatufaa tukifika mahakamani.

Kitenzi kingine, kujifunza, kina mambo yake. Kiswahili hakina kitenzi cha moja kwa moja cha kupokea maarifa. Kinacho cha kutoa, kufunza na kufundisha, kisha kinakigeuza kumrudia mtendaji: ninajifunza, yaani ninajifunza mimi mwenyewe, hata kama mwalimu amesimama mbele yangu na fimbo. Mzizi ni ule wa kufunda, neno ambalo leo tunalisikia zaidi mwali anapofundwa, na ukoo huohuo una fundi na mwanafunzi. Ukienda kwa Wazulu unakuta mambo yamepinduka. Kwao "funda" ni kujifunza na kusoma, na "fundisa" ni kumfanya mtu ajifunze, ndiyo kufundisha. Lugha ndugu, mzizi mmoja, kwao anayetenda ni mwanafunzi na kwetu ni somo au kungwi.

Kiingereza nacho kiliwahi kuchanganya pande hizo mbili. Zamani kilikuwa na vitenzi pacha, "leornian" cha kupokea na "læran" cha kutoa. Hicho cha pili kilififia, na kwa karne nyingi "learn" likabeba kazi zote mbili bila mtu kushtuka. Katika tamthilia ya Shakespeare ya The Tempest, Caliban anamlaani aliyemfundisha lugha kwa maneno "for learning me your language". Kitabu cha sala cha Kanisa la Anglikana cha mwaka 1662, ambacho zaburi zake ni za tafsiri ya Coverdale ya karne iliyotangulia, kina mstari wa Zaburi ya 25 unaosema "Lead me forth in thy truth, and learn me". Hapo anayeombwa afundishe ni Mungu, na hakuna aliyeona neno hilo ni la kihuni.

Leo ukisema "my uncle learned me to drive" utahesabiwa kuwa hukwenda shule. Limebaki katika lahaja kadhaa za Uingereza na Marekani, na katika kauli moja ya kumcheka aliyejitakia: "That'll learn you!" Sisi tungesema "umekoma?" Kwa hiyo mwanafunzi wetu anayeandika "I was learned by my aunt" anakosea kwa sababu ya saa tu. Angeandika hivyo zamani za Coverdale, pasingekuwa na wa kumsahihisha. Sasa inabidi aandike "I was taught by my aunt", na mtihani haungojei historia.

Turudi nyuma zaidi kidogo, maana asili ya neno ni nzuri. Wachunguzi wa lugha za jamii ya Kijerumani wanalifikisha kwenye mzizi wenye maana ya njia iliyokanyagwa, nyayo, au mfuo unaoachwa na plau. Kutoka humo limetoka pia "last", kile kibao chenye umbo la mguu ambacho fundi viatu hutumia. Kilatini kilikuwa na jamaa yake, "lira", yaani mfuo wa shambani, na aliyetoka nje ya mfuo akaitwa kwa neno lililozaa "delirium", kuweweseka. Kwa Wakenya waliosoma enzi za Moi, kujifunza kwa kufuata nyayo hakuhitaji maelezo, ingawa sidhani kama waliobuni kaulimbiu ile walikuwa wanawaza Kijerumani cha kale.

Matumizi yanayowapoteza wengi zaidi hayahusu masomo hata kidogo. "We learned of his death on Friday." Hakuna darasa hapo. Ni kwamba tulipata habari za kifo chake Ijumaa: jambo hatukuwa nalo, sasa tunalo. Magazeti ya Nairobi yanayoandikwa kwa Kiingereza yanaipenda sana fomula hii. Mwandishi ananusa kashfa ya zabuni, hataki kumtaja aliyemnong'oneza, basi anaandika kwamba gazeti "has learnt" kuwa faili limepotea. Anayefasiri kwa pupa ataandika kwamba gazeti "limejifunza", na msomaji atajiuliza gazeti limeanza shule lini. Kiswahili cha habari kina kauli zake: gazeti hili limebaini, limedokezwa, limepata habari. Zote zinafaa, na kila moja ina uzito tofauti. "Limebaini" inadai ushahidi, "limedokezwa" inakiri kwamba kuna mtu amenong'ona. Kiingereza kinaficha tofauti hiyo ndani ya neno moja, na nadhani ndiyo sababu wahariri wanalipenda.

Vijineno vinavyofuata vinabadilisha mambo, kwa hiyo vinastahili kuangaliwa. "Learn of" ni kupata habari za jambo. "Learn about" ni kulifahamu kwa undani kiasi: wanafunzi wanajifunza kuhusu mifumo ya mmeng'enyo. "Learn from" kinataja chanzo, awe mtu au kosa. "Learn that" kinaleta habari nzima. Na "learn to" kinagawanyika tena. "She learned to swim" ni ujuzi, alijifunza kuogelea. "She learned to live with the pain" si ujuzi wa kumwonyesha mtu, ni kwamba alizoea kuishi na maumivu. Mzazi anayemwambia mtoto "you must learn to wait your turn" hamwahidi somo la kusubiri zamu. Anamtaka ajizoeze, aache papara. Watafsiri wengi huweka "jifunze" kila mahali, na Kiswahili chao kinakuwa na harufu ya mahubiri. Zoea na jizoeze vimekaa kando bila kazi.

"He learned his lesson" ni jamaa wa karibu wa "that'll learn you". Usilitafsiri "alijifunza somo lake" ukadhani umemaliza. Ni "amekoma", "ametia akili", au kwa lugha ya wazee "ameshika adabu". Na anayefunzwa na mateso, ambaye Kiingereza humsema "learned the hard way", tunaye kwenye methali ya asiyefunzwa na mamaye, hivyo hatuna haja ya kuazima chochote. "Learn by heart" nayo ina mtego. Moyo umetajwa, lakini hakuna mapenzi hapo. Ni kuhifadhi, kama watoto wa madrasa wanavyohifadhi juzuu. Kukariri kunakaribia pia, ila siku hizi neno hilo limeharibiwa jina: ukisema kijana "anakariri tu", umeshamhukumu kwamba haelewi. Kiingereza kimeweka lawama hiyo kwenye "by rote", na "by heart" imebaki safi. Kwa hiyo aliyehifadhi shairi zima usimwite mkariri.

Sasa mahakamani. Hapa kitenzi kinageuka kivumishi, na matamshi yanageuka pamoja nacho. Kitenzi "learned" kina silabi moja tu. Kivumishi "learned", chenye maana ya mwenye elimu nyingi, kina silabi mbili, na ile ya mwisho inasikika kama "nid". Herufi ni zilezile. Katika mahakama za Uingereza, wakili wa ngazi ya barrister humtaja mwenzake wa ngazi hiyo kuwa "my learned friend", na aliye solicitor humwita "my friend" tu, bila usomi. Adabu hiyo imejaa unyanyapaa kidogo. Afrika Mashariki tuliirithi na kuipamba. Kenya, wanasheria wamejiita "learned friends" hadi watu wa mtaani wanawaita hivyo kwa utani. Tanzania, Wakili Msomi limekuwa kama cheo, linatangulia jina la mtu hata kwenye mwaliko wa harusi.

Linalonifurahisha ni hati za rufaa. Karibu kila moja iliyoandikwa kwa Kiingereza katika mahakama zetu ina sababu inayoanza hivi: "That the learned trial magistrate erred in law and in fact". Hakimu anaitwa msomi, na maneno mawili mbele anaambiwa amekosea kisheria na kwa mambo ya hakika. Sifa na shtaka vimo katika pumzi moja, na hakuna anayecheka. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama Tanzania, hakimu msomi aliyekosea anahamia polepole kwenye lugha yetu. Hapo msomi linakaa barabara, kwa sababu nalo linataja kilichobaki kwa mtu, si anachofanya sasa. Pwani kuna mwanachuoni pia, neno zito zaidi, lakini hilo ni la wenye elimu ya dini na sijapata kulisikia likipewa wakili.

Kuna "learned" ya tatu, nayo inawaumbua hata wahadhiri. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio waliyofanya kwa mbwa. Mbwa waliopigwa shoti za umeme bila njia ya kuziepuka, baadaye walipopewa njia ya kutoroka, wengi wao hawakujaribu hata kutoroka. Hali hiyo ikaitwa "learned helplessness", unyonge uliotokana na waliyopitia. Hapa "learned" hutamkwa kwa silabi moja, kwa sababu maana yake ni kilichopatikana kwa kujifunza. Ukiitamka kwa silabi mbili unakuwa umesema unyonge wenye shahada.

Saikolojia ndiyo iliyolitanua neno hili kuliko fani nyingine yoyote. Kwake, kujifunza ni badiliko la tabia linalodumu kwa kiasi fulani na linaloletwa na uzoefu. Hakuna sharti la shule, la nia, wala la akili ya kibinadamu. Eric Kandel, aliyepata Nobeli mwaka 2000 pamoja na wenzake wawili, alijenga kazi yake kubwa juu ya konokono wa baharini aitwaye Aplysia. Ukimgusa anakunja kiungo chake cha kupumulia. Ukirudia mguso mwepesi tena na tena anazoea, haoni sababu ya kujikunja. Kwa Kiingereza amefanya "learning" bila ubishi. Kwa Kiswahili kusema konokono "amejifunza" kunahitaji moyo, kwa kuwa kitenzi chetu kinamfanya awe mwalimu na mwanafunzi kwa pamoja. Nadhani "amezoea" kingetosha.

Ajabu ni kwamba kwenye kompyuta kitenzi chetu kinakaa vizuri. Arthur Samuel wa kampuni ya IBM alieneza jina la "machine learning" kwa makala yake ya mwaka 1959 kuhusu programu ya kucheza drafti, mchezo uleule unaochezwa vibarazani kwa vifuniko vya soda. Hakuipa programu kila hila ya mchezo. Iliendelea kuboreka kwa kucheza, ikiwemo kucheza dhidi ya nakala yake yenyewe, ikirekebisha namna inavyoipima nafasi ya kete. Sasa sema kwa Kiswahili: mashine ilijifunza. Ilijifunza kwelikweli, yenyewe kwa yenyewe.

Nje ya maabara, kauli ya kisayansi iliyopinduliwa vibaya ni "steep learning curve". Watu husema hivyo kumaanisha kazi ngumu kuielewa, kana kwamba wanapanda mlima. Lakini chora mchoro wenyewe. Mwaka 1897 Bryan na Harter, wakichunguza waendeshaji wa telegrafu huko Marekani, waliweka wiki za mazoezi kwenye mstari wa chini na idadi ya herufi kwa dakika kwenye mstari wa kusimama. Katika mchoro wa namna hiyo, mstari uliosimama wima ni wa mtu anayeshika mambo haraka. Aliyekwama mstari wake ni bapa. Kwa hesabu hiyo, "steep" ingepaswa kuwa sifa njema. Matumizi ya mtaani yameshinda, na sioni faida ya kubishana na Mwingereza juu ya lugha yake, ila ukikutana na kauli hiyo kwenye ripoti ya takwimu, tazama mchoro kwanza kabla ya kutafsiri.

Kuhusu "learned" na "learnt" kama wakati uliopita wa kitenzi, hakuna siri. Uingereza yanatumika yote mawili, Marekani hutumia "learned". Chagua moja, ulibakie nalo hadi mwisho wa karatasi. Kivumishi cha usomi kina "learned" pekee. Wakili si "my learnt friend", hata akiwa amekuudhi.

Limebaki "learnings", kwa wingi, ambalo limejaa kwenye ripoti za miradi kutoka Kampala hadi Dar es Salaam: "key learnings" ukurasa wa tatu, semina ya kuzishirikisha ukurasa wa nne. Waingereza wengi wanalichukia wakidhani ni uzushi wa washauri wa biashara. Hawana haki ya kuliita jipya, maana Shakespeare analo katika Cymbeline, mtu akipewa "all the learnings" za zama zake. Kuwa la zamani hakulifanyi lipendeze, lakini. Katika ripoti ya Kiingereza "lessons" inatosha, na katika ya Kiswahili andika "mambo tuliyojifunza", kisha uyataje.